Uso Wangu Kifuani mwa Chuma

Ukitaka kumdanganya dobi, mdanganye kwa maneno, kwa machozi, kwa chochote upendacho, lakini usimdanganye kwa kitu kinachotoa rangi. Mume wangu hakulijua hilo. Alioa mwanamke ambaye tangu usichana wake anaamka na madoa na kulala na madoa, halafu akaenda kupakwa juisi ya tunda kifuani, akaja kulala naye kwenye shuka jeupe.

Wanamwita Chuma. Jina alijipa mwenyewe, kisha akalisambaza kwa bidii mpaka watu wakalizoea. Ni mwalimu wa mazoezi kwenye jimu iliyo juu ya duka la magodoro, na kusema kweli kifua anacho, Mungu hakumnyima. Taabu yake ni mdomo. Mdomo wa Chuma hutangulia mbio, miguu ikaja nyuma inahema. Leo anaahidi, kesho anafikiri, keshokutwa anatafuta mtu wa kumsaidia kutimiza.

Na kitu kimoja ambacho Chuma hawezi kukitazama ni sindano. Hilo nililijua kabla hata hatujachumbiana. Alikanyaga msumari, nikamsindikiza zahanati, na muuguzi alipotoa sindano ya pepopunda, mwanamume yule ambaye mkono wake ni mnene kuliko paja langu akamshika muuguzi kiganja na kumwuliza kwa upole kama hawana ya vidonge. Sindano haijamgusa, machozi yanamtiririka. Nilimpenda siku ile, sifichi. Mwanamume anayelia mbele yako bila kuona haya si wa kuachia apite.

Sasa, kabla yake nilikuwa na mchumba mwingine. Huyo alihama mji bila kusema hata kwaheri, nguo za arusi zikiwa zimeshashonwa, na mimi nikapata habari kwa mwenye nyumba wake. Kwetu hawakulisahau jambo hilo, wala hawakuniacha nilisahau. Kwa hiyo siku Chuma alipokuja kujitambulisha nyumbani kwa shangazi yangu, shangazi, ambaye ulimi wake haujawahi kulala, alimwambia mbele ya sebule nzima kwamba wanaume wa siku hizi wanamwandika mwanamke kwa chaki, mvua ikipita hamna kitu. Mtu mwenye akili angecheka na kuendelea kunywa chai yake. Chuma akasimama. Akatangaza kwamba yeye atanichora kifuani mwake, uso mzima, kwa sindano, aende nao kaburini.

Nani alimwomba? Hakuna. Shangazi alikuwa anamchokoza tu. Lakini sebule ikapiga makofi, binamu zangu wakapiga vigelegele, na mimi nikaliona jasho likimchuruzika kwenye paji la uso, nikajua mdomo umeshakiponza kichwa.

Wiki iliyofuata alikuja dukani kwangu, akafungua vifungo vya shati katikati ya nguo za watu. Nilikuwa mimi. Upande wa kushoto, rangi nyeusi yenye ubluu kama tatuu zote za sindano, macho yangu madogo, kishimo cha shavu langu la kulia, na mwanya wangu ambao nilitaniwa nao shule nzima. Nilisahau pasi juu ya suruali ya mteja mpaka moshi ukatoka. Nililia kama mtoto. Niliikumbuka zahanati, nikakumbuka yale machozi, nikasema moyoni, huyu amepigana na hofu yake kwa ajili yangu na ameishinda. Hakuna aliyewahi kunifanyia jambo kubwa namna hiyo. Tukaoana.

Raha yangu ilidumu mpaka nilipofua mashuka.

Wanaojua kufua wanaujua utomvu wa ndizi. Ukikudondokea huuoni, ni maji tu. Unafua, unaanika, unajisifu, halafu kesho yake doa jeusi linakukodolea macho na halitoki hata ukiligombeza. Sasa asubuhi moja nikakuta upande wa Chuma kitandani kuna unyevu kidogo. Nikadhani jasho. Nikafua, nikaanika kwenye kamba ya nyuma ya duka, na kufikia adhuhuri ule unyevu ulikuwa umegeuka bluu. Tena haukuwa doa la hivi hivi. Ilikuwa nusu ya pua na jicho moja, na jicho lilikuwa langu.

Nikakaa juu ya ndoo, nikafikiri. Wino wa sindano uko ndani ya ngozi. Kidonda kikishapona hautoki tena, hauchafui shuka, hauachi pua ya mtu inapepea kwenye kamba. Kinachofanya hivyo ni mmea. Na katika ukoo ule mtu wa mimea ni mmoja tu, naye ni wifi yangu, dada yake Chuma.

Wifi anachora watu tatuu za muda. Ana chumba kimoja kinachotazama barabarani, rafu imejaa chupa, na ukiingia tu unapewa mahubiri kabla ya kiti. Vya kwake vyote ni asilia. Kemikali ni shetani, majani ni malaika. Ana manjano, ambayo hudumu mpaka unawe mikono. Ana bitiruti, ambayo hudumu mpaka utoke jasho, na wateja wake wa bitiruti huondoka wakiwa na waridi kwenye bega na hufika nyumbani wakiwa kama waliokwaruzwa na paka. Ana hina, hiyo ni ya heshima, lakini ni ya kahawia na kila mtu anaijua. Na ana ya mwisho, ya siri, tunda bichi la kijani ambalo hataji jina lake hata umfinye. Analikuna, analikamua kwenye kitambaa, linatoa juisi isiyo na rangi, kama maji. Anakuchora, huoni kitu. Unalala, unaamka, ipo, bluu nyeusi, na inakaa wiki mbili mpaka ngozi yenyewe iivue.

Kumbe ndiyo maana wiki mbili zikipita, Chuma alikuwa na safari ya kwenda kumrekebishia wifi paa. Mwanzoni nilimsifu, nikasema mume wangu anajali dada yake. Baadaye nikaanza kujiuliza, paa gani hilo lisilokwisha? Chumba kimoja, mabati machache, na fundi anaenda kila mara bila nyundo. Akirudi jioni ile analala na fulana, ambayo usingizini humpanda mpaka shingoni, eti anasikia baridi, wakati mimi najipepea na kifuniko cha sufuria. Kesho yake asubuhi fulana imevuliwa na kifua kinang'aa, uso wangu umekolea kama umechapishwa jana. Siku za mwishomwisho, rangi ikianza kufifia, anasema ngozi yake inapumua.

Na angekaa kimya, ningemhurumia. Lakini debe tupu haliachi kuvuma. Pale jimu alikuwa akiwasimulia wanafunzi wake jinsi alivyochorwa. Mara ya kwanza niliyoisikia, alivumilia bila kutoa sauti. Mara ya pili sindano ilivunjika kwa ugumu wa kifua, ikaletwa nyingine. Nilipoisikia tena, fundi ndiye aliyekuwa analia na Chuma ndiye aliyekuwa anambembeleza. Vijana wakiinua vyuma wanamtazama kama shujaa wa vita. Mimi nimesimama mlangoni na chakula chake cha mchana mkononi, nauma mdomo nisicheke.

Mtaniuliza kwa nini sikumvaa siku ile ile na shuka langu. Nilikaribia. Nilikuwa nimeshalikunja chini ya kwapa. Lakini nilimkumbuka yule wa kwanza, aliyeondoka bila neno, nikaona kwamba mimi shida yangu haijawahi kuwa kuchorwa. Uso wangu ninao, nauona kwenye kioo bure. Nilichokuwa nakitaka ni mwanamume anayeweza kufungua mdomo na kuniambia jambo lilivyo. Nikimwambia mambo yako ni haya, atakubali, kwa sababu ameshashikwa. Nikimngoja aseme mwenyewe, nitajua nimeolewa na nani. Basi nikangoja. Nikafua, nikapiga limau na chumvi kwenye macho yangu mwenyewe, nikaanika, nikangoja tena.

Kisha nikapata mimba, na kungoja kukaanza kunichoma. Kuishi na mwongo mkiwa wawili ni kichekesho. Mkiwa watatu, yule mdogo atajifunza kusema kutoka kwenye mdomo gani? Nikajiwekea mpaka: akiniambia kabla sijajifungua, yamekwisha, tutacheka. Asiponiambia, nazaa nikiwa kwa shangazi, na sirudi. Nikapanga begi, nikaliweka chini ya meza ya kupigia pasi. Sikuwa natania.

Katika kungoja huko ndipo uso ulipoanza kubadilika.

Sikuliona mara moja. Pua kwanza, ikatanuka kidogo, nikasema labda kanenepa kifua. Halafu kidevu kikapata mwenzake. Kishimo cha shavu kikajaa. Tabasamu likanywea, mwanya ukazibwa, na macho yangu madogo yakapanuka, yakapata ukali wa mtu anayehesabu vipande vya nyama kwenye sahani za wengine. Nikawa nauona uso, naufahamu, lakini sijui nimeuona wapi. Mpaka asubuhi moja jua lilipoingia dirishani, nikageuka upande wake nikiwa bado na usingizi, nikakutana na yale macho ana kwa ana, na kabla sijajijua nikasema, "Shikamoo, mama."

Na Chuma, naye usingizini, akaitikia, "Marahaba."

Nikakaa kitako. Alikuwa mama mkwe. Mzima mzima, kaota kifuani mwa mwanawe upande wa moyo, ananitazama kwenye kitanda changu mwenyewe kama anayetaka kujua shuka lilibadilishwa lini. Chuma anajitazama kwenye kioo kila siku ya Mungu, tena anajigeuza huku na huku, na hakuona kitu. Atakionaje? Kwa mwana yule uso wa mama yake ndio uso, sisi wengine tumekosewa kosewa.

Mama mkwe mwenyewe alipita kutusalimu siku chache baadaye. Chuma alikuwa kifua wazi, anajenga kitanda cha mtoto. Mama akasogea, akavaa miwani, akautazama mchoro kwa muda, akaridhika kabisa. Kisha akanigeukia mimi akasema, "Mwanzoni fundi hakukupatia. Siku hizi ndiyo umependeza."

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kesho yake nikafunga duka mapema, nikaenda kwa wifi. Nilimkuta anakamua lile tunda lake juu ya bakuli, vidole vyote vya bluu, kwa sababu hata yeye na elimu yake ya asilia havai glavu. Akaanza mahubiri ya ngozi na sumu. Nikayakata katikati, nikamwuliza paa linaendeleaje. Akatazama juu. Bati la watu halina hata tundu la msumari. Akakiweka kitambaa chini, akashusha pumzi ndefu, akaniambia alikuwa ameshachoka, kwamba mara ya kwanza kaka yake alimwapia ni ya wiki mbili tu, apate ujasiri wa kwenda kwa fundi wa kweli. Ujasiri haukuja. Kila mara amemwambia aseme, na kila mara anajibiwa kesho.

Nikamwuliza basi mama ameingiaje. Wifi mwanzoni hakunielewa. Nikatoa picha ya kifua niliyoipiga Chuma akiwa amelala, nikaiweka mbele yake, na pembeni yake nikaiweka picha ya mama iliyoning'inia ukutani mwake mwenyewe, juu ya kitanda. Akatazama hii, akatazama ile. Akaziba mdomo kwa vidole vyake vya bluu, akajipaka masharubu yatakayoota kesho.

Akaeleza kwamba mara ya kwanza alinichora akiwa na picha yangu mbele yake. Baada ya hapo aliona haina haja, mistari ipo, anafuata tu iliyobaki. Lakini Chuma ni mtu wa jasho, akifika pale nusu ya uso imeshakwenda, na palipofutika yeye anajaza kwa makadirio. Amekulia nyumba ile, amefundishwa kila kitu na uso mmoja, amegombezwa na uso mmoja. "Mkono unachora unachokijua, wifi," akasema. "Sikukusudia."

Nikamsamehe, kwa sababu alisema. Mnaona ilivyo rahisi? Alisema, nikamsamehe, tukanywa maji. Kisha nikamwomba jambo moja: Chuma akija tena, amwambie tunda limekwisha msimu na halipatikani popote. Basi. Asimchore, asimwambie kwamba mimi najua. Uso utafifia mbele ya macho yangu na yake, na hatakuwa na pa kukimbilia isipokuwa mdomo wake. Nilimwachia mlango mmoja tu ulio wazi. Wifi akakubali, tena kwa furaha, maana hata yeye alikuwa amechoka kupambana na jasho la kaka yake.

Ikawa hivyo. Chuma alikwenda kurekebisha paa, akarudi mapema, amenyong'onyea. Siku zile zilizofuata niliona mambo. Aliacha kusimulia habari za sindano pale jimu. Alifundisha na fulana mbili. Nyumbani alioga kwa kujimwagia maji mgongoni tu, kama anayemwogopa mtu aliye mbele. Na mama mkwe akawa anafifia, kwanza nywele, halafu mashavu, akabaki macho na kidevu kama mtu anayechungulia kutoka ukunguni.

Mimi nikawa mwema kuliko nilivyowahi kuwa. Nilimwekea chai, nikamwuliza kama kuna jambo. Nilimwambia, katika mazungumzo ya kawaida, kwamba katika kazi yangu nimegundua hakuna doa nisilolisamehe kama mwenye nguo atanieleza ni la nini, ninayemchukia ni yule anayelificha ndani ya mfuko. Mtu mwingine angeelewa. Chuma alikwenda kujaribu uimara wa kitanda cha mtoto. Usiku huo tumbo lilikuwa zito na mgongo unaniuma, nikalia kwa hasira, maana nilikuwa nimeshaanza kuliona lile begi likitoka chini ya meza. Nilimpenda, ndiyo shida yenyewe. Ningekuwa simpendi ningeondoka siku ya shuka la kwanza.

Kisha mchana mmoja akapotea. Jimu wakaja kumwulizia kwangu. Simu haipatikani. Wifi hajamwona. Mimi ninajua habari ya wanaume wanaopotea mchana, nilishasoma kitabu hicho mpaka jalada la nyuma. Nikatoa begi chini ya meza, nikaliweka juu, nikakaa karibu nalo na tumbo langu.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, akaingia. Jamani. Alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Anatembea amenyooka kama aliyemeza fimbo, mkono mmoja umeshika ukuta. Akaliona begi. Akanitazama mimi, akatazama begi, akakaa sakafuni kati ya vikapu vya nguo chafu.

"Nilikudanganya," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Haikuwa sindano. Ilikuwa juisi."

Na yote yakatoka. Paa, tunda, fulana, baridi. Kwamba kila siku aliamka na nia ya kuniambia, na kila siku aliniona nikimtazama kifuani akaogopa kwamba bila ule uso yeye si kitu, ni mtu wa maneno tu kama shangazi alivyosema. Kwamba jimu amewadanganya, na leo mchana amewaza atamwambia nini mtoto. Hakujitetea. Hakujipamba. Sikuwahi kumsikia Chuma akisema maneno mengi hivyo bila hata moja la sifa. Nilikuwa nalia, na nilikuwa nafurahi, na begi lile nililishusha, nikalisukuma kwa mguu likarudi chini ya meza lilikotoka. Nilishuka chini nikakaa naye sakafuni, kazi ngumu kwa tumbo lile, nikamshika uso. Nilitaka kumwambia yamekwisha, nimejua siku nyingi, twende tukale.

Lakini alikuwa hajamaliza.

"Sikutaka kuja kwako na maneno matupu," akasema. "Nimekwenda kwa fundi. Wa kweli."

Akaanza kufungua vifungo. Alisimulia hivi, na hii hakuwahi kuisimulia jimu: kwamba alizimia kabla fundi hajawasha mashine, akazimia tena katikati, fundi akampepea kwa kipande cha boksi, watu waliokuwa wanangoja zamu wakamwimbia wimbo wa kumbembeleza mtoto kwa kumcheka. Alishikwa mkono na mwanamke mmoja asiyemjua aliyekuja kuchorwa kipepeo. Alilia mwanzo mpaka mwisho. Na hakuinuka.

"Mistari yako ilikuwa imebaki kidogo sana," akasema. "Niliogopa kesho ingekuwa imekwisha. Nikamwambia fundi, fuata hiyo hiyo, usiongeze, usipunguze."

Moyo ukaniambia, haiwezekani. Akabandua karatasi ya nailoni.

Ngozi ilikuwa imevimba, nyekundu, vitone vya damu vimeganda pembezoni. Na katikati ya uvimbe huo, kwa wino wa kweli, kwa sindano ya kweli, kwa mkono wa fundi hodari asiyeongeza wala kupunguza, alikuwa mama mkwe. Videvu vyote viwili. Macho yale. Ananitazama kutoka kifuani mwa mume wangu hadi kaburini.

"Sasa ni wewe," akasema Chuma. "Hutoki tena. Umejionaje?"

Nilikuwa na ukweli mdomoni, umeiva, unadondoka. Mimi ndiye niliyeutafuta ukweli katika nyumba ile kwa limau na chumvi. Mimi ndiye niliyepanga begi kwa ajili yake. Nikamtazama yule mtu mkubwa ameketi kati ya soksi za watu, midomo imekauka, macho mekundu kwa kulia, siku pekee katika maisha yake ambayo kitendo chake kilifika pamoja na mdomo wake. Ananingoja. Mtoto akanipiga teke, na mpaka leo sijui alikuwa upande wa nani.

"Nimetoka vizuri," nikasema.

Akalia upya, kwa furaha, akaniegemea begani. Mama akanikandamiza kwenye titi.

Kidonda kilipopona, nilikwenda tena kwa wifi, nikamwomba kijichupa kidogo cha ile juisi yake na kijiti chembamba cha kuchorea. Chuma akitoka jimu mchana hulala usingizi wa gogo, huwezi kumwamsha hata kwa ngoma, na kwa kijiti kile mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuweka mwanya katikati ya meno na kishimo kwenye shavu la kulia. Hudumu wiki mbili hivi. Shuka likichafuka, nafua mwenyewe. Lakini wifi sikumweleza hayo. Wifi alishakunja mikono, akaniuliza ni ya nini, maana tulikubaliana mambo yale yamekwisha. Nikamwambia hapana kitu, wifi, kuna paa kule nyumbani nalirekebisha.